Yule Ambaye Hakushuka

Mama yangu aliukataa uchumba wa mdogo wangu kwa sababu mwanamume hakushuka kwenye gari. Jambo lenyewe ni hilo tu, na ningeweza kuishia hapo, ila Wajapani wakaingia kati.

Tulikuwa Louisville, Amerika, mwaka 2015. Tuliishi watu wanne kwenye apatimenti ya vyumba viwili: mama, mimi, binti yangu aliyekuwa darasa la saba, na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama. Mimi nilikuwa naogesha wazee kwenye nyumba ya wazee. Mdogo wangu alikuwa anapanga viatu kwenye maboksi ghalani, shifti ya mchana. Mama alikuwa anatulea sote, hata mimi niliyekwisha kuota mvi.

Mdogo wangu alimpata mchumba Columbus, kwenye mkutano wa kwaya. Alikuwa anaimba besi na kufanya kazi ghalani huko Reynoldsburg, na alikuwa mtu wa kando ya ziwa. Sisi ni watu wa mlimani, watu wa ng'ombe. Huko kwetu Kongo, watu wa juu na watu wa chini hawakuwa na mazoea ya kualikana harusini, na habari hiyo naiacha hapo hapo. Mama hakusema neno baya. Alisema tu kwamba anataka kumwona huyo mtu kwa macho yake.

Akamwona mapema kuliko ilivyopangwa. Jumamosi moja yule kijana alimrudisha mdogo wangu nyumbani baada ya mkutano mwingine wa kwaya. Mama alikuwa pakingi, amemaliza kumwaga taka, amesimama na ndoo tupu. Gari ikaingia, mdogo wangu akatoka. Mama akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akasubiri. Kwetu hata mtu wa baiskeli akikutana na mzee njiani, anashuka, anaiegemeza mahali, anakuja kusalimia kwa mikono miwili, anauliza habari za nyumba na za ng'ombe. Kama huna ng'ombe, atauliza vilevile. Mtu wa gari ana sababu gani ya kutofanya hivyo, wakati gari haihitaji hata kuegemezwa?

Mama aliona kioo kinapanda. Halafu akaona kichwa kinashuka. Yule mwanamume alilala kabisa juu ya kiti cha pembeni, na gari ikaanza kurudi nyuma polepole, ikageuka, ikagusa kidogo pipa kubwa la taka, ikaingia barabarani. Mama hadi leo anasema gari ile iliondoka bila mtu ndani.

Alirudi ndani, akanawa mikono, akakaa. Akasema, "Ule muntu hakushuka."

Kufikia Jumapili alikwisha kumpigia simu kaka yake mkubwa, mjomba wetu, anayekaa Buffalo. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Magoti yake hayasafiri tena, kwa hiyo watu wote wanaotaka kuoa kwetu wanakwenda kujitambulisha nyumbani kwake, hata kama bibi harusi yuko jimbo jingine. Ilikuwa imepangwa kwamba upande wa mwanamume utafika kwake baada ya Mwaka Mpya. Mjomba akasikiliza habari ya pakingi, akasema maneno machache: kama moyo wa mama haupo, yeye hafungui mlango. Bila mlango hakuna utambulisho, na bila utambulisho mchungaji wetu hafungishi ndoa.

Mdogo wangu alisema mambo mawili. Kwanza, hataolewa bila baraka ya mama. Pili, hataolewa na mtu mwingine. Baada ya hapo akaanza kula amesimama, karibu na sinki, mgongo umetugeukia sisi tuliokaa mezani. Iliniuma sana kumwona. Nilimlea mgongoni mwangu tangu kambi ya wakimbizi, na najua akinyamaza hivyo hanuni, anaumia.

Nilijaribu kumtetea mbele ya mama. Nilimkumbusha kwamba mume wangu mimi alishuka. Tena alishuka vizuri sana. Alishuka kwenye baiskeli mbali kabisa, akaja kwa mguu akiisukuma, akamshika mama viwiko vyote viwili, akaulizia mpaka ng'ombe waliokwisha kufa. Mama alimsifu mwezi mzima. Sasa hivi mume wangu yuko Arizona na mwanamke wa Arizona. Mama alinijibu kwamba mtu anaweza kushuka halafu akaharibika baadaye, lakini asiyeshuka ameharibika tayari. Nikaenda kazini.

Hapo ndipo Japani ilipoingia nyumbani kwetu. Binti yangu alipewa kazi ya shule: achague kisa kimoja cha Wajapani na wageni katika karne ya kumi na tisa, achore, aandike, abandike kwenye kartoni kubwa la kukunjua. Kwetu hakuna mtu anayesoma kitu mezani bila mama kuuliza kimeandikwa nini. Mtoto anasoma Kiingereza, mimi natafsiri, mama anachambua maharage na kutoa hukumu. Ndivyo tulivyosoma mambo mengi ya nchi hii, pamoja na barua za umeme.

Mtoto akasoma kwamba zamani Japani ilikuwa imefunga milango yake, halafu meli za kizungu zikaja na mizinga zikailazimisha kufungua. Wageni wakaanza kukaa bandarini na kutembea barabarani. Kulikuwa na watu wa upanga, waliorithi kazi hiyo kutoka kwa baba zao, wanaitwa samurai, na wengi wao hawakuwapenda hao wageni. Wakawa wanawakata.

Hapo nilifanya kosa la mkalimani. Nilisema, "Walikuwa wanakata wageni."

Mama akaacha maharage. "Bageni? Balikata bageni?"

Alielewa wageni wa kukaribishwa. Watu waliopiga hodi, wakapewa maji ya kunawa, wakakatwa. Nilijaribu kueleza kwamba hawa walikuwa wageni wa aina nyingine, wasioalikwa, lakini Kiswahili hakikunisaidia. Mgeni ni mgeni. Mama akatikisa kichwa. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kila mtu anajua hilo, na watu wanaoua mgeni mezani hawana Mungu. Jioni nzima aliwahurumia wale wageni. Kabla ya kulala akawaombea, wao na familia zao, ijapokuwa walikufa kabla ya baba yake kuzaliwa.

Kesho yake mtoto akaendelea. Kisa alichochagua kilitokea barabarani. Bwana mmoja mkubwa wa Japani alikuwa anasafiri na msafara wake, mamia ya watu wa upanga, na sheria ilikuwa kwamba msafara wa namna hiyo ukipita, mtu anashuka na kuinama pembeni. Waingereza wanne, mmoja wao mwanamke, walikuwa wanatembea na farasi kwa starehe, siku nzuri, hawana kazi. Wakakutana na msafara uso kwa uso. Mmoja akaingia kati pamoja na farasi wake. Samurai mmoja akachomoa upanga.

Mama aliuliza swali moja. "Na ule mugeni, alishuka?"

Nikamuuliza mtoto. Mtoto akapekua, akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana, alibaki juu ya farasi.

"Bon," alisema mama.

"Bon" ya mama si "bon" ya Wafaransa inayosema vizuri. Ni mlango unafungwa. Alirudi kwenye maharage yake, amepona huruma yote ya jana. Akasema kumbe Wajapani ni watu wenye adabu. Akasema hata kwetu, msafara wa wanajeshi ukipita, hushuki tu, unaingia kabisa ndani ya mihogo ya mtu na mzigo wako kichwani, na wala hakuna anayelalamika. Huyu amepanda farasi katika nchi ya wenyewe, hajui hata kusema habari za asubuhi, halafu anawaangalia watu kutoka juu. Alikuwa anatafuta nini?

Nilimwona mdogo wangu pale kwenye sinki. Mabega yalishuka kidogo. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba mchumba wake amekwisha kupandishwa farasi.

Na kweli. Kuanzia siku ile mama hakumtaja tena yule kijana peke yake. Alimtaja pamoja na Wajapani. Aliwasimulia akina mama wa kanisani. Alimsimulia mjomba kwa simu. Alimsimulia dereva wa basi la kanisa, Mkenya, ambaye alicheka kwa adabu na kusema "aki, mama". Kila aliposimulia, hoja ilikuwa ileile: hata Wajapani, watu wa mbali namna ile, wasio na ng'ombe, wanajua kwamba mtu hushuka. Kazi ya shule ya binti yangu ikageuka sheria ya nyumba. Nilimwambia mtoto angechagua kisa cha chai au cha maua, akanijibu kwa Kiingereza kwamba visa hivyo vilichukuliwa na wenzake waliowahi.

Mimi si mtu wa hasira, ila hasira zangu zikija huwa zina sababu na zinajua kuendesha gari. Jumamosi iliyofuata nilimbeba mdogo wangu, tukaenda Columbus. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipofika Reynoldsburg nilikuwa na hotuba nzuri kabisa, ina mwanzo, ina Biblia katikati.

Kijana alitufungulia mlango akiwa amevaa soksi, macho chini. Ndani, karibu kabisa na hita, alikuwa amekaa koko wake, yaani bibi yake mzaa mama, mzee mdogo wa mwili aliyefunikwa blanketi mbili. Nilisalimia, nikapewa chai, nikaanza. Nilisema kuhusu heshima. Nilisema kuhusu pakingi. Nilisema mtu mzima aliyebatizwa hawezi kulala kwenye kiti cha gari kama mhalifu kwa sababu amemwona mama wa watu na ndoo. Nilikuwa bado sijafika kwenye Biblia, koko akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, mjukuu wake akainuka kumletea maji.

Bibi alipopata pumzi akanieleza, taratibu, jinsi unavyomweleza mtoto. Kwao kando ya ziwa, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia porini, anageuza mgongo, anasubiri. Mama mkwe anajifunika uso kwa kitenge, anaacha njia upande wa pili. Anayemkodolea macho mama mkwe amemvua nguo. Kama hakuna pori, mtu analala chini.

"Na pakingi haina pori," koko alisema.

Nilimgeukia kijana. Alikuwa anaangalia kikombe changu. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, ile ya besi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, nilimuheshimu mpaka nikaumia shingo."

Nikaona aibu. Hotuba yangu yote ikabaki tumboni pamoja na chai. Huyu mtu alikuwa amempa mama yangu heshima kubwa kuliko zote alizofundishwa, akagonga na pipa la taka kwa ajili yake, na mama akaona mtu asiye na adabu. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo. Akasema yeye mwenyewe hakujua. Alimuuliza mchumba wake kwa nini alijificha, naye akajibu "kwa sababu ya mama," na yeye akaelewa kwamba anamwogopa.

Nilirudi Louisville nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nilimketisha mama, nikamweleza neno kwa neno, hata kikohozi cha koko nilikitia. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Heshima ya kukimbia?" alisema. "Mwizi naye anakimbia."

Akaenda kulala. Nilikaa pale mezani nikitazama kartoni la mtoto, ambapo farasi alikuwa amekwisha kupakwa rangi ya kahawia na samurai alikuwa bado hana miguu. Nilimchukia yule farasi kwa moyo wangu wote.

Aliyetusaidia ni mtoto, na wala hakukusudia. Siku chache baadaye alikuwa anaandika sehemu ya mwisho, kwa nini mambo yalitokea, maana mwalimu alitaka sababu za pande zote mbili. Akasoma kwa sauti. Mimi natafsiri, mama anashona kifungo. Kumbe wale Waingereza waliambiwa kitu. Watu wa msafara walipiga kelele, wakawafanyia ishara kwa mikono. Ila Waingereza hawakujua lugha. Walidhani wanaambiwa wasogee pembeni, wakasogea pembeni. Halafu wakadhani wanaambiwa wageuze, wakaanza kugeuza farasi pale pale katikati ya watu, na ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kwao Uingereza, mtu wa farasi akisogea pembeni amekwisha kukupisha.

Mama akaacha sindano. Akauliza nani alikuwa mkalimani.

Nikamuuliza mtoto. Hakukuwa na mkalimani.

Lazima mjue kwamba kwa mama yangu hilo ni jambo zito. Maisha yake yote Amerika yamepita kwenye mdomo wa mkalimani. Hospitali wanamwekea simu juu ya kitanda, sauti ya mtu asiyemjua inamuuliza kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kama anapata choo. Aliwahi kutolewa jino lisilouma kwa sababu mkalimani alikuwa kwenye kelele za barabarani. Akarudia swali lake kana kwamba mtoto hakusikia vizuri: katika watu wote wale, mamia, barabara nzima, hapakuwa hata mmoja wa kusema, jamani, anawaambia mshuke? Hapakuwa.

"Na kisha?" aliuliza.

Mtoto akasoma kilichofuata. Mwingereza mmoja alikufa, wawili wakaumia, mwanamke alipona. Mwaka uliofuata meli za Kiingereza zilikwenda hadi mji wa yule bwana zikataka aliyekata akabidhiwe. Hakukabidhiwa. Mizinga ikapigwa kutoka pande zote mbili. Ulikuwa msimu wa dhoruba, upepo ukasaidia moto, sehemu kubwa ya mji ikaungua.

"Bantu ba mu ule muji," mama aliuliza, "bo balifanya nini?"

Mtoto akapekua kurasa, mbele na nyuma. Hakuna walichofanya. Walikuwa wanakaa pale tu.

Nilijua ni mji gani mama alikuwa anauona, na haukuwa wa Japani. Kijiji chetu kiliungua asubuhi moja kwa ajili ya ugomvi uliotokea barabarani, kati ya watu tusiowajua, mahali ambapo hatujawahi kufika. Mpaka leo hakuna aliyetueleza ulianza na nini. Nilitaka kumshika mkono, lakini kwetu hatuna mazoea hayo, nikampa maji.

"Muji muzima," alisema. "Juu ya kushuka."

Mtoto akamalizia: baadaye wakazungumza, fidia ikalipwa, na baada ya muda mfupi watu wa mji ule na Waingereza wakawa marafiki, mji ule ukapeleka hata vijana wake kusoma Uingereza. Mama alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, akasema atakwenda Buffalo kumsalimia kaka yake, kwa sababu kaka yake anazeeka. Hakutaja sababu nyingine. Mdogo wangu siku ile alikaa mezani, akala ameketi.

Kwenye kartoni lile, chini kabisa, mtoto aliandika swali la bibi yake: nani alikuwa mkalimani? Mwalimu alilizungushia duara akaandika kwamba ni swali zuri. Mama alinitafsirisha hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Bon. Buffalo. Tulifika baada ya Mwaka Mpya, na theluji ilikuwa imefika kabla yetu. Mjomba anakaa Lower West Side, nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, yeye chini, familia nyingine juu. Mbele ya nyumba theluji ilikuwa imefika kiunoni, na mtu alikuwa amechimba kijia kimoja kutoka barabarani mpaka mlangoni, upana wake mtu mmoja na mzigo. Mama alikitazama, akasema watu wa hapa wanaishi ndani ya friji. Mjomba alitupokea, ila alisema wazi kwamba kuhusu mlango bado anasubiri kumsikia dada yake. Mama akamwambia angoje mpaka amwone mtu mwenyewe.

Upande wa mwanamume walikuwa wamefikia Kenmore, mji wa jirani, kwa mwanakwaya mwenzake. Asubuhi ya utambulisho nilikwenda kule kwa siri. Nilikuwa nimeamua kwamba kama mama hawezi kuelewa adabu ya ziwa, basi huyu kijana atajifunza adabu ya mlima, na mimi ndiye mwalimu. Nilimsimamisha sebuleni akiwa ameshavaa suti. Nikamwambia: unashuka kwenye gari mbali. Unakuja kwa mguu. Unamwangalia usoni. Unanyoosha mikono yote miwili, unamshika hapa, kwenye viwiko, unamuuliza nyumba, unamuuliza ng'ombe. Tukafanya mazoezi, mimi nikiwa mama. Kila aliponishika viwiko jasho lilimtoka ijapokuwa nje hata mbwa walikuwa wamekataa kutoka. Koko wake alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi zake, amefumba macho kwa makusudi.

"Yaya," aliniambia, "nikimushika, nitakuwa nimemutukana."

Nikamwambia asipomshika ndio atakuwa amemtukana. Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, akasema sawa, kwa ajili ya mdogo wangu atamtukana mama mkwe wake kama inavyotakiwa.

Nilirudi haraka kwa mjomba. Ambacho sikukijua ni kwamba nilipokuwa Kenmore, mama naye hakukaa bure. Ghorofa ya juu kulikuwa na mwanamke wa kando ya ziwa, jirani wa mjomba. Mama alipanda ngazi na magoti yake, akapiga hodi, akakaa jikoni kwake, akauliza. Kuuliza si ujinga, alisema baadaye. Akaelezwa mambo ya kitenge, ya uso na ya kuacha njia. Hakuniambia.

Mchana gari yao ikasimama barabarani. Muda ule mama alikuwa anatoka mlangoni na chupa ya chai, anaipeleka nyumba ya pili kwa wanawake waliokuwa wanapika. Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani, mdogo wangu nyuma yangu. Mjomba alikuwa dirishani, pazia mkononi.

Kijana alishuka. Alishuka vizuri, mbali, kama nilivyomfundisha. Akaingia kwenye kile kijia, peke yake, mikono ameinyoosha mbele, macho usoni kwa mama. Ilikuwa inamgharimu. Akaanza kuuliza habari za ng'ombe.

Mama alimwona. Akasimama. Akavuta kitenge kutoka begani, akajifunika uso mzima, akageuka upande, akaacha njia.

Hakukuwa na upande. Kulikuwa na theluji. Mama yangu aliingia ndani yake na chupa ya chai kwa heshima kubwa, akazama mpaka kiunoni, akaegemea, akaanguka. Kilichobaki juu ni kitenge na chupa.

Nilitaka kwenda, lakini kijia kilikuwa cha mtu mmoja, na mkononi nina sahani. Mdogo wangu nyuma yangu aliita jina la Yesu, polepole. Kijana alibaki na mikono yake imenyooka hewani, anaulizia ng'ombe kwa mtu ambaye hayupo. Akanitazama mimi. Sikuwa na mafundisho ya hilo.

Basi akafanya la kwake. Alitoka kwenye njia, akashuka ndani ya theluji na suti yake na viatu vyake vya harusi, akazama naye. Akamgeuzia mama mgongo kabisa, uso akauelekeza barabarani, kama koko alivyomlea. Halafu akanyoosha mkono mmoja nyuma, kwa upofu, akaufungua, akasubiri.

Mama alijitoa kitenge usoni. Alitazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa mtu wa maboksi, umepasuka kwa baridi. Sidhani ilichukua muda, lakini niliogopa kuliko nilivyoogopa mambo mengi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshika koti langu kwa nyuma. Mama akaweka chupa ya chai juu ya theluji, wima, isimwagike. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, hadi kwenye kiwiko.

Mjomba alifungua mlango mwenyewe. Aliwaketisha wote wawili karibu na hita, wamelowa, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na kikombe. Koko aliingia baadaye, akawaona, akasema mambo ni mazuri. Mjomba akasimama kwa magoti yake mabaya, akakohoa, akauliza swali lake kama desturi inavyotaka: je, dada yake anamjua huyu mtu aliyekuja mbele yao?

Mama hakugeuka. Alizungumza akiangalia ukuta.

"Namujua," alisema. "Ni uyu alishuka."